Jina la Mume wa Inaluk

Kuna watu ambao hawajashuka hata chomboni, tayari wanauliza: hapa panaitwaje? Na mlima ule? Na barafu ile? Utadhani nchi haitatulia mpaka iandikishwe kama mtoto wa shule. Sisi wa pwani ya mashariki ya Grinlandi hatukulelewa hivyo. Majina tunayo, tena mengi, lakini tulifundishwa wapi pa kuyataja na wapi pa kufunga mdomo. Inaluk aliyajua hayo kuliko wengi wetu, na ndiye aliyekuja kuyavunja. Nitawaeleza ilivyokuwa, maana siku hizi kila mtu anaisimulia kivyake.

Inaluk alikuwa mpiga makasia. Mashua zetu kubwa za ngozi huendeshwa na wanawake. Mwanamume mmoja hukaa nyuma akashika usukani na kutoa amri, wengine hutangulia na kayaki zao, vimashua vya ngozi vya mtu mmoja. Alishika kasia ana umri wa miaka kumi na miwili na hakuliacha. Alikuwa na mabega mapana, na watu walimtania kwamba lau angezaliwa mwanamume, sili wangekwisha baharini. Lakini alikuwa mwoga. Nasema wazi kwa kuwa mwenyewe hakuwahi kuficha. Aliogopa tufani, aliogopa mbwa wa watu wengine, aliogopa barafu nyembamba ya vuli. "Nichekeni tu," alikuwa akisema. "Woga ndio ulionifikisha umri huu."

Na katika yote hayo hakuna alichokiogopa kama barafu ya kusini. Ni mto wa barafu ushukao kutoka bara mpaka baharini, na ukuta wake unaenda mbali kiasi kwamba ukianza kuupita asubuhi, unamaliza mchana. Njia nyingine hakuna, kwa sababu upande wa nje bahari imefungwa na mapande ya barafu yanayoelea. Lazima upite chini yake. Na barafu ile haiangushi vipande kutoka juu peke yake. Hivyo afadhali, unaviona. Vingine hukatika chini kabisa, kwenye giza la maji, vikafyatuka kuja juu bila hodi, na mashua ikiwa hapo imekwisha.

Kwa hiyo ipo sheria. Ukiwa mbele yake husemi. Hucheki, huli, huinyooshei kidole. Na kubwa kuliko yote, hulitaji jina lake maadamu macho yako yanaiona. Inaluk alipokuwa mdogo, alicheka mara moja tu pale mbele, na shangazi yake akamshindilia kipande cha ngozi kinywani na kumwachia nacho mpaka walipopita rasi. Mimi pia jina hilo silitaji. Limeandikwa kwenye ramani; mwenye hamu nalo akasome huko.

Mume wake alifia pale. Mwishoni mwa kiangazi alikuwa akirudi na sili wawili, kayaki yake ikiwa mbele ya mashua, kimya, hakukosea lolote. Maji yakafunguka chini yake. Inaluk alikuwa kwenye kasia. Aliona kayaki ikiinuka juu ya pande la barafu la buluu, ikasimama hapo kitambo kidogo, kisha ikapinduka. Hata kupiga ukelele hakuruhusiwa. Alipiga makasia mpaka kwenye rasi, machozi yanamtiririka, mdomo ameubana, na mwili haujapatikana hadi leo.

Jina la mume huyo nalo silitaji kwa sasa. Kwetu mtu akifa, jina lake hubaki nje, peke yake kwenye baridi, mpaka azaliwe mtoto apewe. Kabla ya hapo hakuna anayelitamka. Siku mtoto anapolipata, marehemu ameingia ndani: anakula, anapata joto, mjane wake anamwita mtoto huyo mume wangu, na awe wa kike au wa kiume haidhuru. Sasa majira yale ya baridi hakuna mwanamke aliyejifungua makazini petu. Mwenye mimba alikuwa mmoja tu, Justine, binti wa pekee wa Inaluk, ambaye mume wake alikuwa ameenda kuwinda kaskazini. Kila asubuhi Inaluk aliweka mkono juu ya tumbo la bintiye, akanong'ona, "Vumilia kidogo, mzee. Tunakuandalia mahali."

Ndipo akaja mtu wa ramani.

Aliitwa Thestrup, Mdenmaki mrefu mwenye ndevu nyekundu, mpole wa kupindukia. Alikuja na ubao wa kuchorea na darubini ya miguu mitatu. Kwa kuwa alikuwa akifumba jicho moja siku nzima kuchungulia ndani ya darubini hiyo, wanawake walimpa jina la Chongo. Mkalimani wake alikuwa Hendrik, katekista kutoka pwani ya magharibi aliyekuwa kwetu tangu majira ya baridi, kijana aliyesoma na anayejua kwamba amesoma. Thestrup alitaka kuchukuliwa kusini. Massanti, kaka wa marehemu na mwenye mashua, akakubali kwa gunia la unga na kahawa ya kutosha majira mazima ya baridi. Hakumuuliza mtu.

"Kahawa!" akasema Batseba, mke wake, ambaye ulimi wake haukuwa na mfupa. "Tutainywa tukiwa chini ya maji?"

"Tutapita kama tunavyopita siku zote," akasema Massanti.

"Siku zote hatumbebi Chongo."

Wakaondoka. Walikuwa na uhaba wa wapiga makasia, hivyo Justine akaenda pia, kwa kuwa mimba ilikuwa na mwezi mzima mbele yake, na kasia la nne akapewa Hendrik. Batseba hakumwachia nafasi ya kupumua. "Katekista, kasia halisomwi kama Zaburi, linavutwa! Vuta, baba, vuta!" Hata Inaluk alicheka. Walipoikaribia rasi ya kaskazini Massanti akainua mkono, na kicheko kikakatika.

Mbele yao ukuta ulikuwa umesimama kama ulivyosimama siku ile. Inaluk aliinamisha kichwa akatazama magoti yake. Hapa, aliwaza, au pale mbele kidogo. Maji yote yalikuwa rangi moja, na hakuweza kujua ni wapi hasa yalipofunguka. Kila akirudisha kasia majini alihisi kwamba linamgusa mtu. Nyuma yake alimsikia Justine akihema kwa shida.

Basi hapo Thestrup akafungua kitabu chake na kuuliza. Kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeuliza chumvi iko wapi.

Hendrik akatafsiri kwa mnong'ono. "Anauliza barafu hii inaitwaje."

Massanti aliziba mdomo kwa glavu na kumkazia macho. Thestrup akadhani hakusikika, akauliza tena, kwa nguvu zaidi. Mlio ukatoka ndani kabisa ya barafu. Haukuwa mlio wa kupasuka. Ni kama mtu mzito anayegeuka kitandani. Kisha mbali, upande wa kusini, kipande kikubwa kama kanisa kikaporomoka. Wimbi likaja na kuinua mashua, likaisukuma, na mapande ya barafu yanayoelea yakaanza kujifunga mbele na nyuma yao.

Massanti hakuwa na la kuchagua. Mbele ya ukuta ule kuna kisiwa cha mwamba mtupu, kidogo, ambacho hakuna mtu mwenye akili zake aliyewahi kulala juu yake. Wakavuta mashua juu yake. Njia ilikuwa imefungwa pande zote.

Zikapita siku tatu. Hebu fikirini, siku tatu, ukuta uko usoni pao, na jua la kiangazi halizami, kwa hiyo hata giza la kuwaficha hakuna. Walikula nyuma ya mwamba, pembe moja ndogo ambapo barafu haionekani, wamebanana mgongo kwa mgongo. Walisemezana kwa vidole. Inaluk hakufumba jicho. Kila barafu ilipotoa mlio alishika mkono wa Justine na kuubana hadi binti akamnong'oneza, "Mama, utanivunja."

Aliyefurahi ni Thestrup peke yake. Mahali pazuri mno pa kupimia, alisema. Alisimamisha darubini yake mchana kutwa, akafumba jicho, akaandika tarakimu, akachora. Siku ya tatu Hendrik akatoka kwenye hema la wageni, uso umemng'aa.

"Mama Inaluk, njoo uone! Bwana amekufanyia heshima ambayo hata wakubwa huko kwao wanaitafuta hawaipati."

Hendrik akamwonyesha ubao. Inaluk hakujua kusoma ramani, lakini aliyatambua mara moja: rasi, kisiwa, na mstari mrefu wa ukuta. Juu ya mstari huo palikuwa na maneno kwa penseli.

"Alikuwa anakosa jina la kuandika," akasema Hendrik. "Nikamsimulia habari za marehemu, nikamtafutia jina lake katika orodha yangu ya kanisa. Basi barafu hii sasa inaitwa..."

Akalitaja. Jina zima, kwa sauti ya kusomea Injili, uso ameuelekeza kwenye barafu.

Birika lilimponyoka Batseba. Massanti alimrukia Hendrik na kumfunga mdomo kwa kiganja, lakini neno lilikwisha kutoka. Inaluk alikaa chini.

"Nimekosa nini?" akasema Hendrik alipoachiwa. "Jamani, nimekosa nini? Ni heshima!"

"Umeipa jina lake," akasema Massanti. "Imemchukua mwili, sasa wewe umeikabidhi na jina. Umeiandikia na hati."

"Ni karatasi tu, mzee."

"Karatasi! Siku tutakapomwita mtoto kwa jina hilo, nani ataitika? Ataitika mtoto, au itaitika hiyo hapo? Niambie, wewe uliyesoma!"

Na Inaluk, aliyekuwa ameketi chini, aliona jambo moja tu: mume wake amesimama nje ya mlango uliofungwa, na aliyeufunga anatabasamu na kungoja ashukuriwe. Kisha nyuma yake Justine akasema, "Mama." Akageuka. Binti alikuwa amejishika tumbo kwa mikono miwili, na maji yalikuwa yanamtiririka miguuni, mwezi mzima kabla ya siku zake.

Mtoto alizaliwa haraka, nyuma ya mwamba, juu ya ngozi ya dubu. Wa kike. Mdogo kama ndege wa baharini aliyenyonyolewa, na rangi yake haikuwa nzuri. Alilia. Alilia bila kuvuta pumzi vizuri, akakataa titi, akalia tena. Kwetu mtoto mchanga akilia hivyo, kila mwanamke anajua anachotaka. Anataka jina lake.

"Mpe jingine," Batseba akanong'ona. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na mzaha. "Mwenzangu, mpe jina lolote. La mama yako. Huyu hatafika jioni hivi hivi."

"Na yeye abaki kule?"

Batseba akamfunika mtoto.

Inaluk akaondoka kwenda kwa Thestrup, na Hendrik akamfuata. Akamwambia afute. Mgeni alisikitika kweli, tusimsingizie. Machozi yalimlengalenga machoni. Lakini afute abaki na nini? Ofisi yake haipokei nafasi tupu. Kila mto wa barafu lazima uwe na jina. Wakubwa wake wanapenda zaidi majina ya wenyeji, na kama barafu hii inalo la kwake, ataandika hilo kwa moyo mkunjufu. Si ndilo aliloliuliza tangu siku ya kwanza?

Massanti alikuwa amesimama mlangoni. "Mwambie asubiri," akasema. "Tukitoka hapa, tukiipita rasi, nitamtajia mimi mwenyewe hata mara kumi."

"Tutatoka lini?" Inaluk akauliza.

Massanti aliitazama bahari iliyofungwa. Sauti ya mtoto ilikuwa ikiwafikia kutoka nyuma ya mwamba, nyembamba, inakatika na kuanza tena. Kila ilipokatika, Inaluk alingoja kama itaanza.

"Shemeji," akasema, "wachukue wote uwapeleke kule pembeni wasikoiona. Wewe pia. Mshikilie mtoto vizuri. Wimbi likija lisimpate."

"Inaluk, usifanye hivyo. Hakuna aliyewahi."

"Najua hakuna."

"Utakufa."

"Naogopa, shemeji, kwa hiyo usiniongezee. Nenda."

Akaenda. Hendrik naye alikuwa amepauka. Huyu ndiye aliyetuhubiria majira mazima ya baridi kwamba barafu ni maji yaliyoganda na hakuna zaidi. "Mama," akasema, "sema polepole basi. Au ngoja, mimi nitoke kwanza?"

"Ukitoka nani atamwambia anachoandika? Kaa hapo."

Mlango wa hema ulikuwa wazi na ukuta uliujaza wote. Inaluk angeweza kuufunga, alifikiria hilo. Lakini alijua barafu ile haizuiwi na kitambaa, wala na ule mwamba, na kujificha kungekuwa tusi juu ya tusi. Ulimi uligoma. Alimwona tena shangazi yake na kile kipande cha ngozi, akahisi kabisa mafuta yake mdomoni. Mtoto alilia, sauti ikakatika. Hakuanza tena.

Inaluk akalitaja.

Thestrup akashika penseli. Akamwomba, kupitia kwa Hendrik, arudie taratibu ili aandike sawasawa. Lo! Kuna watu hawajui wanachoomba. Inaluk akarudia. Silabi moja moja, akiitazama barafu usoni, na kati ya silabi na silabi alikuwa akingoja kishindo. Mkojo ulimtoka na hakuuhisi.

"Sasa raba," akasema.

Thestrup akalifuta jina la mumewe. Alisugua kwa uangalifu mpaka karatasi ikabaki nyeupe, kisha akainama apulize yale makombo ya raba. Inaluk akamshika mkono. Aliyakusanya kwa ncha ya kidole, chembe moja baada ya nyingine, hata zilizoanguka kwenye ngozi ya sakafuni, akazifumbata kiganjani. Akakimbia.

Mtoto alikuwa mikononi mwa Justine, kimya, midomo ya buluu. Inaluk akadondosha makombo ndani ya kikombe cha maji, akachovya kidole, akamgusa mtoto midomoni. Akasema jina ambalo hakuwa amelisema tangu mwaka uliopita, na sasa nami naweza kulisema.

"Utuaq. Utuaq, mume wangu. Ingia ndani."

Mtoto akapiga chafya. Akavuta pumzi, pumzi ndefu ya kweli, akageuza kichwa akitafuta titi. Batseba akaangua kilio. Massanti akajifunika uso.

Wote wakangoja. Barafu haikuanguka. Haikulia hata kidogo, siku ile wala iliyofuata, na njia ilipofunguka asubuhi ya tano walipita chini ya ukuta, kurudi nyumbani, bila kusikia hata tone likidondoka. Hilo ndilo lililomtisha Inaluk kuliko kishindo chochote. Wengine walisema imemsamehe. Yeye akasema, "Thubutu. Imenisikia, nayo haina haraka."

Tangu siku hiyo hakuipita tena. Makaburi ya wazazi wake yapo upande wa kusini, na dada yake aliolewa huko; alikaa miaka ishirini na sita bila kuwaona. Dada akafa, hakwenda. Kelele yoyote kutoka upande huo ilimkuta amesimama na kisu mkononi, nyama haijakatwa, anasikiliza. Wanawake wapya walioolewa makazini walimcheka kidogo, mpaka walipoelezwa.

Na Utuaq akakua, msichana mwenye mabega ya nyanya yake na kiburi cha babu yake. Inaluk alikuwa akimwita mara kumi kwa siku, bila sababu yoyote.

"Utuaq!"

"Naam, mke wangu?"

"Hakuna kitu."

"Sasa waniitia nini? Nimeacha kazi yangu!"

"Nilitaka nione kama ni wewe utakayeitika," Inaluk alikuwa akijibu.